Kupunguza wanga bila kuusahau moyo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kukata wanga kumeenea. Ofisini utamkuta mtu amefungua hotpoti lenye kabichi na mayai, na kwenye harusi meza ya pilau ina watu wanaochagua nyama na kuacha mchele. Wengi waliingia huku kwa ajili ya uzito au kisukari, na si haba waliofaidika. Moyo hutajwa kidogo. Mtu anaulizwa amepungua kilo ngapi, haulizwi kolesteroli yake iko wapi. Majibu haya ni ya mtu mzima anayetaka vyote viwili, yaani mwili mwepesi na mishipa ya damu iliyo salama. Kama unatumia dawa yoyote ya kila siku, anza na swali la kisukari na presha huko chini kabla ya kurudi hapa juu.

Kupunguza wanga maana yake kufika wapi?

Hakuna mstari mmoja ambao wote wamekubaliana. Wataalamu wengi huita ulaji wa wanga kidogo pale mtu anapokula chini ya gramu 130 kwa siku. Akishuka chini ya gramu 50 hivi, ini huanza kutengeneza kwa wingi ketoni, yaani nishati mbadala inayotokana na mafuta, na hapo ndipo watu husema wako kwenye keto.

Ili namba hizo zisielee hewani: unga wa mahindi gramu 100 una wanga karibu gramu 75. Ugali wa mtu mmoja mwenye njaa hula gramu 150 za unga bila shida, maana yake mlo huo mmoja umeshapita gramu 110. Wali uliopikwa una gramu 28 hivi katika kila gramu 100, na sahani ya mama ntilie hufika gramu 300 kirahisi. Soda ya mililita 300 ina zaidi ya gramu 30, na hizo zote ni sukari tupu.

Maoni yangu ni kwamba mtu anayefikiria moyo hahitaji kukimbilia chini ya 50. Akitoa soda, chai ya vijiko vitatu, maandazi na chapati za asubuhi, kisha ugali ukapungua hadi ukubwa wa ngumi yake, tayari amefanya kazi kubwa, na bado ana nafasi ya kula maharage na tunda.

Ni mambo mapya haya?

Hapana. Mwaka 1863 William Banting, mzee wa London aliyekuwa akiendesha shughuli za mazishi, alitoa kijitabu akieleza jinsi alivyopungua kilo zipatazo 20 kwa kuacha mkate, viazi, sukari na bia. Huko Afrika Kusini jina lake linatumika mpaka leo kuuita ulaji huu. Nayo keto ilianza miaka ya 1920 kama tiba ya kifafa, na bado hutumika kwa baadhi ya watoto ambao dawa zimeshindwa kuwasaidia.

Sasa, kukata wanga kunaharibu moyo au kunausaidia?

Kunaweza kufanya lolote kati ya hayo, na kinachoamua ni kile ulichoweka mahali pa wanga.

Tuanze na upande mzuri. Wanga ukipungua, trigliseridi, yaani aina ya mafuta yanayozunguka kwenye damu, hushuka, mara nyingi kwa kiasi kinachoonekana wazi kwenye karatasi ya vipimo. HDL, ile inayoitwa kolesteroli nzuri, hupanda kidogo. Sukari hutulia, kitambi hupungua, na kwa wengi presha hushuka pamoja na uzito. Yote hayo ni faida kwa moyo.

Upande wa pili ni LDL, ile inayoitwa kolesteroli mbaya. Hii ndiyo inayopenya kwenye kuta za mishipa na kujenga utando unaoziba njia ya damu. Ushahidi wake hautegemei utafiti mmoja. Watu wanaozaliwa na LDL ya juu kwa kurithi hupata shambulio la moyo mapema, na dawa zinazoishusha LDL hupunguza mashambulio hayo. Kinachoipandisha LDL zaidi katika chakula ni mafuta yanayoganda: ya nyama, ya maziwa, ya mawese na ya nazi. Aliyeacha ugali akaujaza mwili samli na mbavu za mbuzi anaweza kupungua kilo huku LDL yake ikipaa.

Watafiti wa Marekani waliwafuatilia wauguzi wanawake 82,802 kwa miaka 20, wakachapisha matokeo mwaka 2006. Waliokula wanga kidogo kwa ujumla hawakuonekana kuugua moyo zaidi ya wengine. Lakini walipowatenganisha, wale waliopata mafuta na protini kutoka kwenye mimea ndio waliokuwa na hatari ndogo zaidi. Mwaka 2010 uchunguzi mwingine wa wanawake zaidi ya 85,000 na wanaume zaidi ya 44,000 ulielekea huko huko: wanga kidogo uliosimama juu ya nyama uliambatana na vifo vingi zaidi, na ule uliosimama juu ya mimea uliambatana na vifo vichache. Tafiti za namna hii huwatazama watu bila kuwapangia chakula, kwa hiyo haziwezi kuthibitisha chanzo peke yake. Hata hivyo zinaoana na kile tunachokijua kuhusu LDL.

Aprili 2023 chama cha moyo cha Marekani kilizipa alama aina kumi za ulaji kwa kuangalia zinavyolingana na mapendekezo yake ya kulinda moyo. Ulaji uliobuniwa kwa ajili ya presha ulipata 100. Keto ilipata 31, ya mwisho kabisa. Mashabiki wa keto walilalamika, na hoja yao moja ina uzito: alama zile zilipima chakula, hazikupima damu za watu. Lakini sababu za kushuka kwake ndizo hizo hizo, yaani mafuta yanayoganda mengi na nyuzinyuzi, matunda na jamii ya maharage kidogo. Vyote hivyo vinarekebishika.

Wiki ya kwanza nimepungua kilo tatu! Ni mafuta?

Sehemu kubwa ni maji. Mwili huhifadhi wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu iliyohifadhiwa hushikilia maji kama gramu tatu. Akiba ikiisha, maji yanatoka nayo. Mafuta huanza kupungua taratibu baada ya hapo. Ukila wali wa sherehe Jumamosi na mzani ukapanda kilo moja Jumapili, hayo pia ni maji, usipate kihoro.

Nikiutoa ugali sahanini, pale pabaki na nini?

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu mtu anaongeza nyama badala ya kuongeza mboga.

Mboga za majani zichukue nusu ya sahani, na siyo ule mkunjo mdogo pembeni tuliouzoea. Mchicha, matembele, kisamvu, mnafu, majani ya maboga, sukuma wiki, kabichi, bamia, biringanya, nyanya chungu: vyote vina wanga mdogo. Bamia ina ule ute ambao ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka, zinazosaidia kushusha LDL. Tahadhari moja ni kisamvu. Kikiungwa kwa tui zito na karanga zilizotwangwa ni mlo kamili, wala hakihitaji nyama juu yake.

Robo ya sahani iwe protini. Samaki ndiye wa kwanza. Wenye mafuta mazuri kwa moyo ni vibua, jodari na dagaa, na inatosha ukiwala mara mbili kwa wiki. Watu wa mjini wanadharau vibua kwa sababu ni wa bei rahisi, kisha wananunua vidonge vya omega-3 vya bei kali. Dagaa wa Kigoma au wa Mwanza wanafaa sana mradi wawe wa kukaushwa juani bila chumvi. Kuku aondolewe ngozi. Mayai, maharage na choroko nayo yamo humu.

Robo inayobaki ni yako. Unaweza kuweka kipande cha kiazi kitamu cha kuchemsha, ndizi moja ya kupika, ugali wa ukubwa wa ngumi, au parachichi. Parachichi gramu 100 lina mafuta gramu 15 lakini yanayoganda ni kama gramu 2 tu, na nyuzinyuzi zake zinakaribia gramu 7. Kwa mtu aliyepunguza wanga sijui tunda linalomfaa kuliko hili, na Njombe na Rungwe wanalima mpaka wanasafirisha nje.

Dona ni bora kuliko sembe?

Kwa nyuzinyuzi na vitamini, ndiyo. Kwa wanga, tofauti ni ndogo sana. Ugali mkubwa wa dona bado ni ugali mkubwa.

Nazi je? Wazee wetu wa pwani walikula nazi maisha yao yote.

Swali hili huja kila mara, tena kwa hasira kidogo, na lina haki ya kujibiwa vizuri.

Zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi ni yale yanayoganda, kuliko hata siagi. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hutayaona yakiganda kwa sababu huyeyuka kwenye nyuzi joto 24 hivi. Yapeleke Iringa asubuhi ya mwezi wa saba uone. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2020 ulijumlisha majaribio 16 na kukuta kwamba mafuta ya nazi yanapandisha LDL yakilinganishwa na mafuta ya mimea yasiyoganda. HDL nayo ilipanda, lakini HDL kupanda hakufuti madhara ya LDL.

Kuhusu wazee, tutazame sahani yao yote. Walikula nazi pamoja na samaki, kunde, mboga na mihogo, walitembea na kufanya kazi za mikono, na nazi ilikunwa kwa mbuzi kwa ajili ya sufuria moja la watu wanane. Anayekunywa vijiko vitatu vya mafuta ya nazi kila asubuhi kama dawa hafanyi walichofanya wazee.

Kikombe kimoja cha tui zito kina zaidi ya gramu 40 za mafuta yanayoganda. Sikuambii uache nazi. Mchuzi wa samaki bila nazi una raha gani? Tumia tui jepesi kupikia, tui zito liwe la kumalizia, kidogo, na sufuria liwe la watu wengi. Kama LDL yako tayari iko juu, nazi iwe ya siku moja au mbili kwa wiki.

Na kahawa ya siagi?

Tufanye hesabu. Vijiko viwili vikubwa vya siagi na kimoja cha mafuta ya nazi vinakupa mafuta yanayoganda kama gramu 26. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu anayekula kalori 2,000 ni gramu 22. Kwa mtu anayehitaji kushusha LDL, chama cha moyo cha Marekani kinashauri chini ya asilimia 6, yaani gramu 13 hivi. Umemaliza kiwango cha siku kabla hujala, ndani ya kikombe ambacho hakina nyuzinyuzi wala protini ya maana. Kunywa kahawa nyeusi, na kama unapenda tangawizi na hiliki, tia.

Nipikie mafuta gani?

Alizeti, ufuta, karanga, na zeituni kwa anayeimudu. Alizeti ya Singida na Dodoma ina mafuta yanayoganda asilimia 10 hadi 12 tu. Mawese ni karibu nusu. Sisemi mtu wa Kigoma au wa Kongo ayatupe mawese, ila yasiwe ndiyo mafuta ya kila chungu.

Tatizo ni dumu lisilo na maelezo. Mengi ya mafuta ya kula ya bei nafuu yanayouzwa kwa kupimiwa ni ya mawese yaliyosafishwa, na muuzaji mwenyewe huenda hajui. Soma lebo. Kama hakuna lebo, chukulia ni mawese. Mafuta ya mgando ya kwenye kopo yaache kabisa, pamoja na mafuta meusi ya kibandani yaliyokaanga chipsi tangu asubuhi.

Hata alizeti ina kipimo. Kijiko kimoja kikubwa kwa mtu kwa mlo kinatosha.

Mayai mangapi kwa siku?

Kwa mtu mwenye afya, yai moja kwa siku halina tatizo, na wengi hula mawili bila LDL kusogea. Mwenye kisukari au aliyewahi kuumwa moyo apunguze viini, asipige sita kila asubuhi kwa kuwa tu hayana wanga. Pia tazama yanapikwa kwa nini: mayai mawili ya kuchemsha na mayai mawili yaliyoogelea kwenye siagi ni vitu tofauti.

Nyama choma si haina wanga?

Haina. Ndiyo maana imegeuzwa kuwa mlo wa kila siku, na sioni kama ni busara. Mara mbili kwa wiki, kipande kisicho na mafuta mengi, na kachumbari nyingi badala ya chipsi, hapo sawa. Soseji na nyama nyingine za viwandani zina chumvi nyingi na mafuta pamoja, ziwe za nadra. Supu ya makongoro ikipoa utaona utando juu; uondoe kabla ya kupasha.

Maharage yana wanga. Niyaache?

Usiyaache, isipokuwa daktari amekuweka kwenye keto kwa sababu maalumu. Nusu kikombe cha maharage yaliyopikwa kina wanga kama gramu 20, lakini takribani gramu 6 kati ya hizo ni nyuzinyuzi ambazo mwili haugeuzi kuwa sukari. Kinakupa protini, kinashusha LDL, na sukari hupanda polepole. Mtu anayeacha kunde na choroko akabaki na samli amepiga hatua nyuma, hata kama mita ya ketoni inamsifu.

Karanga na korosho pia ziko hapa, kwa kiganja kimoja, zisiwe na chumvi. Gramu 30 za karanga zina wanga gramu 5 hivi, korosho 9. Korosho ni tamu na mkono haukomi, kwa hiyo pima kwanza, kisha funga kopo.

Matunda?

Yale mazima, usikamue juisi. Pera, papai, chungwa na tikiti kwa kiasi. Embe dodo moja kubwa lina sukari ya kutosha milo miwili, kata nusu na umpe mwenzako.

Nina kisukari au presha na natumia dawa. Naweza kuanza kesho?

Usianze kesho. Nenda kliniki kwanza, mwambie daktari unachotaka kufanya, na mpange dozi pamoja.

Ukipunguza wanga huku unachoma insulini au unameza glibenklamidi, gliklazidi au glimepiridi kwa dozi ile ile ya zamani, sukari inaweza kushuka mpaka ukaanguka. Dalili ni jasho la ghafla, kutetemeka, njaa kali, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Ukiziona, kunywa maji ya sukari papo hapo na sahau mambo ya keto kwa siku hiyo. Metformini peke yake haina hatari kubwa ya namna hii.

Kuna kundi jingine la dawa za kisukari, dapagliflozini na empagliflozini, ambalo siku hizi hutolewa pia kwa wagonjwa wa moyo na figo. Dawa hizi na wanga mdogo sana havikai nyumba moja. Damu inaweza kujaa asidi hata sukari ikiwa haijapanda sana, na kipimo cha kidoleni kikakudanganya kwamba uko salama. Kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo na kuhema kwa nguvu ni dalili za kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo.

Kwa presha, hasa kwa anayetumia vidonge vya kukojoza, wiki za mwanzo mwili hutoa maji na chumvi nyingi. Ukisimama na kuona kizunguzungu, pima presha. Huenda dozi imekuwa kubwa kuliko mahitaji yako mapya, na anayepunguza dozi ni daktari. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asibadilishe ghafla kiasi cha mboga za majani. Ale kiasi kinacholingana kila siku na kipimo cha kuganda kwa damu kirudiwe mapema.

Na ile dawa ya kushusha kolesteroli, atorvastatini au mwenzake, usiiache kwa sababu umepungua kilo kumi.

Nani asijaribu kabisa bila usimamizi wa karibu?

Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, mwenye kisukari cha aina ya kwanza, mwenye ugonjwa wa figo uliosonga mbele, aliyewahi kuugua kongosho, mwenye kolesteroli ya kurithi, na mtu mwenye historia ya kujinyima chakula mpaka akaugua.

Walimu wa keto wanasema niongeze chumvi. Nifanye hivyo?

Siku za mwanzo kichwa huuma, mwili unachoka, miguu inakaza. Ni kweli mwili umepoteza chumvi, na kijana mwenye presha ya kawaida akinywa bakuli la supu hataumia. Lakini mwenye presha ya juu au moyo uliopanuka asifuate ushauri huu. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyo kwenye kiungo cha supu cha vipande na kwenye papa mkavu. Chumvi mbadala yenye potasiamu nayo ni hatari kwa mwenye figo dhaifu na kwa wanaotumia baadhi ya dawa za presha, uliza kwanza. Mara nyingi dawa bora ya uchovu ule ni kushuka polepole: wiki hii toa sukari, ijayo punguza ugali wa usiku.

Nipime nini, na lini?

Pima kabla ya kuanza, kisha baada ya miezi miwili hadi mitatu. Usisubiri mpaka uandikiwe rufaa ya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Kipimo cha mafuta kwenye damu hufanyika katika hospitali nyingi za rufaa za mikoa na maabara binafsi. Omba kiwe kamili, yaani LDL, HDL na trigliseridi, kwa sababu namba moja ya kolesteroli yote haikwambii kitu. Ongeza kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, figo, na presha.

Namba za kushika, kwa vipimo vya milimoli kwa lita: trigliseridi ukiwa hujala ziwe chini ya 1.7. LDL inategemea hatari yako. Mwenye hatari ndogo huambiwa chini ya 3.0, mwenye hatari kubwa, wakiwemo wengi wenye kisukari, chini ya 1.8, na aliyewahi kupata shambulio la moyo hata chini ya 1.4. Ikifika 4.9 au zaidi ni ya daktari, hata kama huna dalili yoyote. Usipime katikati ya wiki ambazo kilo zinaporomoka kwa kasi, kwani LDL inaweza kupanda kwa muda. Subiri uzito utulie kidogo.

LDL imepanda, lakini nimepungua, sukari imetulia na najisikia vizuri. Kwenye kundi letu la keto wanasema haina shida.

Ina shida. Utando kwenye mishipa hauumi na hauchoshi, unajengwa kimya kwa miaka, kwa hiyo kujisikia vizuri hakupimi kitu hapa. Trigliseridi kushuka ni jambo jema, ila hakulipii deni la LDL. Wapo watu, hasa wembamba wanaofanya mazoezi, ambao wakiingia keto LDL yao hupaa hadi 5 na kuendelea. Mjadala kuhusu kundi hilo bado unaendelea kati ya watafiti, na mimi nisingependa mishipa ya ndugu yangu ndiyo iwe uwanja wa majaribio.

Habari njema ni kwamba hatua zipo, na huna haja ya kurudi kwenye maandazi. Toa kahawa ya siagi, samli na mafuta ya nazi. Badilisha nyama nyekundu kwa samaki na maharage. Rudisha wanga gramu 50 hadi 100 zaidi kwa siku kupitia kunde, viazi vitamu na matunda mazima. Kwa wale wembamba hatua hii peke yake mara nyingi hushusha LDL sana. Pima tena baada ya wiki nane. Ikigoma, hapo ni mazungumzo ya dawa, na kumeza statini, yaani dawa za kushusha kolesteroli kama atorvastatini, si kushindwa.

Ramadhani nifanyeje, na futari yetu yote ni wanga?

Futari ya pwani ni mihogo ya nazi, magimbi, viazi vitamu, tambi, kaimati, uji na tende, wakati mwingine vyote mezani kwa pamoja. Fungua kwa tende moja na maji, mwenye desturi yake asiikose. Kisha supu ya samaki au ya kuku, mboga, halafu chagua kimoja tu kati ya vile vya wanga, kipande kidogo. Kaimati za kuchovya kwenye shira ziwe za wageni. Daku isiwe chai na chapati: mayai, maharage na parachichi vitakushikilia hadi mchana. Anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari aonane na daktari kabla mwezi haujaandama, maana kufunga na kukata wanga kwa pamoja kunashusha sukari mara mbili.

Nyumbani tunapika chungu kimoja na fedha ni hizo hizo. Nitaweza?

Kula wanga kidogo kwa mtindo wa nyama na jibini ni ghali kweli. Kwa mtindo wa mboga, dagaa, mayai, kunde na karanga, hakuna haja ya chungu cha pili: familia inakula ugali wao na mboga ile ile, wewe unapakua mboga mara tatu na ugali mara moja. Mpishi wa nyumba aelezwe mapema, kwa sababu mboga iliyozoea kuwa fungu moja sasa itahitaji mafungu matatu, na mama akiona sahani yako haina ugali atadhani umechukia chakula chake.

Nikichoka nikarudi kula kama zamani, moyo utaumia zaidi?

Uzito utarudi, sukari na trigliseridi vitapanda, na kama unatumia dawa zilizopunguzwa dozi, rudi kliniki zipangwe upya. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya watu wazima 609 waliogawanywa kati ya wanga kidogo na mafuta kidogo kwa mwaka mzima. Wa wanga kidogo walipungua wastani wa kilo 6.0, wa mafuta kidogo 5.3, tofauti ambayo kitakwimu haikuwa na maana. Makundi yote mawili yalihimizwa kula mboga kwa wingi na kuacha sukari na unga uliokobolewa. Kwa hiyo kama ugali umekushinda kuuacha, uchukue, upunguze, na ubaki na mboga, samaki na mafuta ya alizeti.